Usaili wa Mtoto wa Kaka Yangu

Kaka yangu aliniita Mbale, mashariki ya Uganda, kwa mwezi mmoja. "Mwezi mmoja tu, dada," alisema kwenye simu, "mpaka nipate msichana wa kukaa na mtoto." Mke wake alikuwa amekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na yeye, askari polisi, hakuwa na mtu wa kumwachia binti yao anapoingia zamu. Mimi nilikuwa Jinja, nina kazi niliyoipenda. Lakini mimi ni shangazi, na kwetu shangazi haombwi, huambiwa. Nilitia nguo zangu kwenye mfuko mmoja, nikawaaga wenzangu wa Budondo, nikawaambia nitarudi kabla ya maharage kukomaa.

Maharage yalikomaa, yakavunwa, yakapandwa mengine. Mimi nilikuwa bado ndani ya yuniporti.

Kwa asiyejua, yuniporti ni nyumba ya mabati ya mviringo ambayo askari hupewa kambini. Ina mlango mmoja na madirisha ya kupitisha mkono. Kaka aliigawanya kwa pazia: upande mmoja alilala yeye, upande wa pili mimi na mtoto. Jua likipanda, ukuta huwezi kuugusa. Tulipika nje, tukaoga kwa foleni. Kutoka kambini lazima upite getini, na kijana wa zamu, aliyenijua vizuri na aliyekwisha kula wali wangu, bado aliniuliza ninakwenda wapi na ninarudi saa ngapi. Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyoagizwa. Lakini mtu mzima akiulizwa kila siku anakwenda wapi, mwishowe huacha kwenda.

Niseme kidogo juu ya kazi niliyoiacha. Budondo ni mashamba na vituo vya biashara, nje kidogo ya mji wa Jinja. Watoto wengi huko hawapiti chekechea. Wanatoka shambani na mama zao moja kwa moja mpaka darasa la kwanza, na wengi wanashtuka. Sisi tulikuwa kundi la wanawake tuliofundishwa na mradi mdogo wa jamii kukaa na watoto hao kwenye mikeka, pamoja na mama zao, asubuhi ambazo shamba linaruhusu. Vitabu vya picha vilikuwa vichache, tukashona vingine kwa vitambaa vya fundi cherehani. Vizibo vya soda vilikuwa hesabu, mkaa ulikuwa kalamu.

Mama wengi walikuja wakidhani tutawakaririsha watoto herufi. Niliwaeleza, na hapa naeleza tena bila kuchoka, kwamba mtoto anaweza kuimba herufi zote na bado shule ikamshinda. Mwangalie kama anasikiliza hadithi mpaka mwisho na kuuliza swali. Mwangalie kama anangoja zamu yake ya kushika kitabu, na kama anaweza kumwambia "nataka choo" mtu asiye mama yake. Tuliwapeleka kuiona shule kabla haijafunguliwa, na mahali pa kwanza tulipowaonyesha ni choo, kwa sababu mtoto anayeogopa lile shimo hamsikilizi mwalimu asubuhi nzima. Mama hucheka nikisema hivyo. Wakimaliza kucheka, wanakumbuka.

Pale kambini sikukaa muda mrefu kabla ya kutandika mkeka. Watoto walikuwa tele, baba zao wametoka kila upande, kaskazini, Teso, West Nile, na lugha waliyokutana nayo uani ilikuwa Kiswahili. Kuna watu Mbale ambao wakisikia Kiswahili wanakumbuka bunduki na amri za wanajeshi wa zamani, na siwalaumu. Mimi nilikulia Jinja katika nyumba ya wafanyabiashara Waislamu, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya bei, ya utani na ya kumbembeleza mtoto. Nilitaka watoto wa askari nao wakisikie hivyo. Nikaweka mkeka kwenye kivuli cha tangi la maji, nikaanza na hadithi ya sungura aliyekataa kuchimba kisima.

Jirani yangu, mke wa sajini mmoja kutoka kaskazini, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu walio mbali, alikuja siku za kwanza akasimama mikono kiunoni.

"Mwalimu, hii watoto yako inacheza tu. Kusoma iko wapi?"

"Hii ndiyo kusoma, mama. Anapanga vidogo huku, vikubwa kule. Macho yanajifunza kutofautisha. Kesho yatatofautisha herufi."

"Kama kupanga vizibo ni kusoma, basi bwana yangu ni profesa. Ile vizibo ya bia yote ni yake."

Alicheka, nikacheka, na kesho yake akaleta kopo zima la vizibo. Baada ya hapo hakukosa. Akirudi na vitunguu vyake kutoka soko la Nakaloke, alikaa pembeni ya mkeka akivimenya, naye akangoja mwisho wa hadithi.

Binti wa kaka yangu alikuwa na miaka sita, mwembamba, mwenye macho ya kupima. Kwenye mkeka alisema kuliko wote. Mbele ya mtu mgeni alifunga mdomo. Wiki ya kwanza nilipomsuka nywele, alinieleza habari za mama yake bila kulia: "Mama alinituma dukani chumvi. Nikarudi na chumvi, akawa ameenda soko. Hiyo soko iko Uarabuni."

Niliacha kusuka. Desturi hii naijua, wote tunaijua: kumtoroka mtoto. Mama anataka kuondoka, anamtuma mtoto akafukuze kuku au akaazime kiberiti, na mtoto akirudi mlango umefungwa. Watu wazima huiona ni huruma, asilie. Budondo nilikuwa naipinga kila wiki. Niliwaambia mama: mwache alie, lakini aone mgongo wako unavyokwenda, na umwambie utarudi lini kwa kitu anachokijua, baada ya uji, jua likifika kwenye mgomba ule. Mtoto anayetorokwa hawezi kutulia darasani. Anakaa akiulinda mlango.

Mama yake alikuwa mtu mwema. Alituma ujumbe wa sauti kila alipopata nafasi, na mtoto alimjibu kwa kushika simu kwa mikono miwili na kusimulia siku yake yote, kuanzia uji. Lakini mwisho wa kila ujumbe mtoto aliuliza: "Soko litafungwa lini?" Na kila mara mama alijibu habari nyingine.

Basi mwishoni mwa mwaka ilikuja simu kutoka Budondo. Alikuwa mwenyekiti wetu, mwanamke niliyeanza naye kutoka mkeka wa kwanza kabisa. Mradi ulitaka mtu wa kuzunguka vijijini na kuwafundisha akina mama wapya, mtu wa kazi hiyo tu, na wote walikuwa wamelitaja jina langu.

"Tumekushikia nafasi, mwalimu. Lakini shule zikifunguliwa bila wewe, tutamweka mwingine. Mikeka haiwezi kungoja."

Nilienda na simu nyuma ya nyumba, penye mabomba, nikamwambia: "Mtoto akiingia shule tu, nakuja. Siku hiyohiyo nakuja."

Nilisema kwa furaha, na kwa sauti.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Shule ya serikali iliyo jirani ingempokea bila maswali, lakini wadogo waliruhusiwa kwenda nyumbani mchana, na mchana yuniporti ilikuwa imefungwa, kaka yuko kwenye kizuizi cha barabarani. Nkoma kulikuwa na shule ya binafsi iliyokaa na watoto mpaka jioni, na jioni mke wa sajini alikuwa tayari kumpokea. Akiingia ile ya Nkoma, mimi niko huru. Lakini ile ya Nkoma ilikuwa na watoto wengi kuliko viti, kwa hiyo ilichagua kwa usaili, intavyuu kama kila mtu anavyoiita. Mtoto wa miaka sita anakalishwa peke yake mbele ya mwalimu mkuu. Asipopita, ni mwaka mwingine.

Kaka hakuwa na wasiwasi. Kila jioni alimsimamisha mtoto wima. "Kuruta! Shika sikio!" Naye alipitisha mkono juu ya kichwa na kulishika sikio la upande wa pili, kama wazee wetu walivyotupima. "Umeona, dada? Yuko tayari."

"Umepima mkono, afande. Sikio lenyewe hujalipima."

"Sikio lake ni zima. Tatizo linasikia sana."

Sikumjali. Nilikuwa na haraka. Mimi niliyewaambia mama wa Budondo wasimsukume mtoto, nilianza kumuuliza rangi wakati wa kula, hesabu wakati wa kuoga, jina la baba, jina la wilaya, chora mpira, chora nyumba. Alivijua vyote, na vingi alivijua kabla sijauliza. Jioni moja aliniambia, "Shangazi, uliniuliza jana, na mimi ni yule yule." Nikacheka. Moyoni nilikuwa nimeanza kufunga mizigo.

Siku ya usaili tulipanda boda boda, yeye katikati, mimi nyuma. Shule ilikuwa na ukuta mpya na nyasi zilizokatwa. Mwalimu mkuu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliniruhusu kukaa kwenye kiti kilichokuwa mlangoni. Akamuuliza jina kwa Kiingereza. Kimya. Akauliza kwa Kiswahili.

"Mtoto wa kambini, siyo? Usiogope. Jina lako nani?"

Kimya. Akampa penseli. Mtoto aliishika vizuri, vidole vitatu, kama nilivyomfundisha, akaiweka juu ya karatasi na kuiacha pale. Rangi gani hii? Kimya. Akapanga vijiti mezani: vingapi hivi? Akaangalia vile vijiti, na midomo yake ikasogea, niliona amehesabu. Halafu akaikaza.

Alinigeukia mara moja. Nimekaa na watoto miaka mingi, hofu naijua. Mtoto mwenye hofu macho yanakimbia. Yake yalikuwa yametulia.

"Hajawa tayari," mwalimu mkuu aliniambia kwa upole. "Mlete mwakani, mama."

Niliomba. Nilieleza, na mimi nikianza kueleza ni mtu wa kuchosha. Mwisho akasema nafasi hazijajaa bado, nimrudishe wiki ya kufungua, lakini kimya kingine kama kile asingeweza kukipa kiti.

Tulirudi kambini. Getini kijana wa zamu akauliza, "Amepita?" Nikampita. Nilimkalisha mtoto kwenye kizingiti, nikachukua ungo wa mchele nipate pa kuangalia.

"Ulijua majibu?"

"Nilijua."

"Vile vijiti vilikuwa vingapi?"

"Saba. Na kimoja kilivunjika."

"Mbona hukusema?"

Alichukua jiwe kwenye mchele akalitupa mbali. "Nikisema, utaenda. Ulimwambia yule mtu wa simu. Mtoto akiingia shule tu, nakuja."

Nyumba ya mabati haifichi neno, na mtoto aliyekwisha kutorokwa mara moja husikiliza kwa mwili mzima. Alikuwa amekaa na siri ile wiki zote za rangi na hesabu, akijibu kila nilichomuuliza, akijiandaa kutojibu siku moja tu. Ningeweza kukasirika. Nilijaribu, ikashindikana. Kila kitu nilichotaka mtoto awe nacho, kusikiliza, kukumbuka, kungoja wakati wake, alikuwa nacho, na amekitumia kunifungia mlango.

Kaka aliporudi zamu nilimfuata kwenye bomba, buti zake zikiwa bado na vumbi. Nilitaka kitu kimoja kwake: siku ya kweli ya kurudi mke wake, nikamwambie mtoto.

Alijinawisha uso muda mrefu. "Mkataba ni wa miaka miwili, dada. Na wanaweza kuongeza."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mwanzo."

"Na mwezi mmoja?"

"Ningekuambia miaka miwili, ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Basi." Akafunga bomba. "Sikia. Mpeleke tena. Mwambie unabaki, ajibu vizuri. Siku akiwa darasani wewe panda gari. Atalia siku moja, mbili, atazoea. Watoto wanazoea."

"Ulinitoroka," nilimwambia. "Mimi, mtu mzima, ulinituma chumvi."

Alianza kucheka, kisha akaacha. Kaka yangu si mtu mbaya. Alikuwa peke yake na mtoto na bunduki ya serikali, akatafuta njia rahisi, ile ile aliyofanyiwa yeye alipokuwa mdogo. Lakini pale penye bomba nilihisi kambi nzima imenikaza kama nguo iliyorowa. Hakuna aliyenifunga. Geti lingefunguliwa, kijana angeniuliza ninakwenda wapi, ningesema Jinja, angeandika. Magari yapo kutwa. Na ningewezaje kusimama tena mbele ya mama wa Budondo na kuwafundisha kuagana?

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Sikuwa mtu mzuri siku hizo. Nilimfokea hata jirani. Naye alinijibu, "Mwalimu, kama unataka kulia, lia. Usinifanye mimi kuruta." Akaniletea chai.

Siku ya tatu nilimwita mtoto tukakaa kwenye mkeka, wenzake hawapo.

"Mama yako hayuko sokoni," nilianza. "Yuko kazini, mbali, anapika na kufua katika nyumba ya watu. Alikutuma chumvi kwa sababu aliogopa kukuona unalia. Harudi Idi hii, wala Idi ijayo. Labda ukiwa umemaliza darasa la pili."

Hakulia. Aliuliza, "Anajua kwamba mimi najua?"

"Bado. Utamwambia mwenyewe ukitaka."

"Na wewe?"

"Mimi nataka kwenda Jinja. Napapenda kule, na kazi yangu iko kule. Lakini siendi shule ikifunguliwa. Nitakaa mpaka umalize darasa la kwanza. Likizo tutakwenda wote, upaone. Na siku ya kwenda kweli utaijua mapema, na utaniona ninavyokwenda."

Alifikiri. "Hutanituma chumvi?"

"Sitakutuma popote."

"Hata kiberiti?"

"Hata kiberiti."

"Mpigie yule mtu wa simu," alisema. "Mimi niko hapa nasikia."

Nikapiga, mbele yake. Mwenyekiti akasema, "Mwalimu, unanivunja mgongo." Nikasema najua. Akaniambia basi watampa yule binti tuliyemfundisha wenyewe, yule anayeimba vizuri. Nikasema huyo ataweza. Na ni kweli angeweza. Mikeka ilikuwa salama. Lakini nilipokata simu, nilitamani ashindwe kidogo, kidogo tu, ili wanikumbuke. Mtoto aliniangalia usoni muda mrefu, halafu akaenda kucheza.

Jioni alichukua simu ya baba yake akamtumia mama ujumbe mfupi kuliko yote aliyowahi kutuma: "Mama, najua hauko soko. Nimekasirika. Kesho nitakuambia mengine." Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa na kilio, lakini safari hii lilitaja mwaka wa kurudi. Kaka aliusikiliza ujumbe ule akiwa amesimama nje, akarudi ndani akalala na buti.

Wiki ya kufungua tulirudi Nkoma. Sikumuuliza rangi njiani. Tulipofika nilimwonyesha choo kwanza, tukakikagua, akakiona kinafaa. Mlangoni aligeuka akaniambia, "Wewe kaa nje. Pale, kwenye benchi, nione kanga yako."

Nikakaa chini ya dirisha. Nilisikia kiti kikiburuzwa, kisha sauti ya mwalimu mkuu.

"Leo tutaongea?"

"Ndiyo, madam."

Akasema jina lake, la baba, la wilaya. Akahesabu vijiti. Sauti yake ilikuwa ndogo, kisha ikakua. Nilifurahi, na wakati huohuo kila jibu zuri nililisikia likipita juu ya kichwa changu na kwenda zake, kwa sababu asubuhi ileile, Budondo, mtu mwingine alikuwa anatandika mkeka wa kwanza wa mwaka. Mbele yangu kulikuwa na ukuta mpya wa shule, nyuma ya ukuta barabara ya kurudi kambini.

"Nani amekuleta?"

"Shangazi. Yule wa kanga ya kijani. Ataenda Jinja lakini siyo sasa, mpaka nimalize darasa la kwanza, na sitatumwa chumvi."

"Aah. Na Jinja kuna nini?"

Hakuwa amewahi kufika Jinja, aliijua kwa niliyomsimulia tu. Lakini alishusha pumzi kama mtu anayeanza safari, akaeleza: kuna daraja refu linaning'inia kwa kamba nyeupe, kuna mto mkubwa, kuna samaki wa kukaanga, kuna mama wengi wamekaa chini kwenye mikeka na kila mmoja ana mtoto, na shangazi anawaambia semeni kwaheri, na wanasema, wengine wanalia lakini wanasema. Mwalimu mkuu alicheka. Nikasikia karatasi zikikusanywa.

"Vizuri sana. Imetosha, umepita."

"Ngoja, madam," alisema mtoto. "Sijamaliza."